Salsa na Mdogo Wake

"Hii ni bia, Papa Floribert," alisema Manzi, akiligeuzageuza kopo mkononi kama mtu anayekagua yai asiloliamini. "Angalia mwenyewe, imeandikwa. Mutoto wako ametuma bia kwa nyumba ya Ndugu wa Kiasi. Padri akisikia, ataanguka na pikipiki yake."

Floribert hakuinua kichwa. Alikuwa amechuchumaa mbele ya beseni, akiikwangua mizizi kwa kisu kilichonolewa miaka mingi hata kikabaki chembamba kama jani la mtama. Mizizi yenyewe ilikuwa michache: fungu dogo la nyuzi nene zenye vinundu, nyekundu kwa ndani, na udongo mweusi wa msituni ungali umeng'ang'ania kwenye mikunjo yake. Asubuhi ile aliletewa na mwanamke mchuuzi wa mawese, aliyetoka Walikale kwa miguu akipita vichochoro vya msitu, maana barabara ilikuwa imefungwa na vita. Floribert alikuwa ameingojea tangu mvua za kwanza.

"Soma vizuri," alisema.

"Nimesoma. Neno ya kwanza ni Kiingereza, siijue. Ya pili ni bia. Na bia ni bia, Muzee, hata ukiivalisha koti."

Manzi alikuwa dereva wa pikipiki, motari kama wasemavyo Masisi, na kwa majira yale alikuwa miguu na masikio ya Floribert. Ndiye aliyempeleka hospitalini na kumrudisha mlimani. Ndiye aliyekwenda Goma kuipokea koli, kifurushi cha Brigitte, binti yake Floribert, kutoka kwa msafiri aliyetoka Amerika. Simu yake ndiyo iliyopokea sauti ya binti huyo. Sasa aliichomoa mfukoni, akaibonyeza, akaishika katikati yao.

"Papa, jambo. Njo mimi Brigitte. Nimesikia Mama anaomba salsa na mizizi haipatikane. Papa, huku kuko vinywaji mbili vya mizizi. Moja ni ya zamani, wanaiita sasparila. Ile njo ndugu ya salsa yako kabisa, tumbo moja. Nimeitafuta kwa maduka yote ya muji huu, sikuipate. Wanasema ni ya wazee, watu waliiacha. Ya pili njo hii nimetuma. Wanaiita bia ya mizizi, lakini haiko bia, Papa, haina pombe hata kidogo, watoto wanaikunywa. Tuseme ni mudogo wa salsa. Haifanane sana. Lakini kila nikiikunywa ninafunga macho, na ninaona Mama anashika kikombe. Umuambie ni mimi nimetuma. Umuambie anywe, na mimi huku nitakunywa siku hiyo hiyo."

Sauti ilikatika ghafla, kama ya mtu aliyejiziba kinywa kwa kiganja.

"Rudisha," alisema Floribert.

Akaisikiliza mara ya pili, kisu kikiwa kimetulia juu ya mzizi. Kisha akasema, "Weka zile kanete kwa kivuli," akayaonyesha makopo kwa ncha ya kisu, akaendelea kukwangua.

Rosalie, mke wake, alikuwa amelazwa Kirotshe, katika hospitali iliyo kando ya ziwa, tangu mwisho wa mavuno ya maharagwe. Tumbo lake lilikuwa limefunga. Uji ulirudi, maziwa yalirudi, hata mchuzi wa maharagwe mabichi alioupenda tangu utotoni ulirudi. Daktari alimwita Floribert barazani, akamwambia kwa upole: "Papa, mumupatie kila kitu anataka. Kidogo kidogo." Floribert alikuwa amesoma kwa mapadri miaka ya kutosha kuelewa maana ya daktari anayeacha kukataza.

Na Rosalie alitaka kitu kimoja tu. "Uniletee salsa," alisema. "Haiko ya kushiba. Ya kuonja, niseme neno yangu."

Mlima mzima ulilijua neno lake.

Floribert alikuwa mkulima wa maharagwe na mihogo kama jirani zake wote, lakini mikono yake ilikuwa na kazi nyingine. Alipokuwa kijana wa jikoni katika misheni, mtawa mmoja Mbelgiji aliutambua msituni mmea wa kutambaa wenye miiba, akasema kwamba una ndugu zake ng'ambo ya bahari, na kwamba bibi yake mzaa mama aliichemsha mizizi ya ndugu hao akapata kinywaji cha sherehe. Aliuita kwa jina refu la Kifaransa, salsapareille. Watu wa Masisi wakalikata jina hilo mkia, likabaki salsa. Mtawa alimfundisha Floribert kuikausha mizizi juu ya meko, kuitwanga, kuichemsha pamoja na maji ya miwa na ganda la limau, kuiacha ipoe hata kidole kisiungue, kisha kutia kijiko cha salsa ya zamani iwe chachu ya mpya. Baada ya hapo ilimiminwa chupani, vizibo vikafungwa kwa uzi, na chupa zikafukiwa kwenye mchanga wenye unyevu nyuma ya nyumba.

Ugumu wote ulikuwa kuujua wakati wake. Ikifunguliwa mapema, ni maji matamu ya mizizi. Ikichelewa, imekwisha kuwa pombe. Kati ya hayo mawili kuna muda mfupi ambao jicho haliuoni. Sikio ndilo huusikia. Floribert aliiegemeza chupa shavuni kama mtu anayesikiliza kifua cha mtoto mchanga, na aliposikia ndani yake mnong'ono mwembamba usiokatika, alijua kwamba siku imefika.

Walioihitaji salsa ni Ndugu wa Kiasi, wakristo walioapa mbele ya altare kujitenga na ulevi. Kiapo chao kilikuwa kikali kupita desturi: "Sitakunywa kileo, wala kitu chochote kinachoitwa kwa jina la kileo." Padri aliyekitunga aliwafahamu walevi na werevu wao, akataka kuufunga hata mlango mdogo wa jina. Rosalie aliapa akiwa msichana, akawaongoza kina mama wa Kiasi tangu nywele zake zilipokuwa nyeusi. Katika arusi moja, wazazi wa bwana arusi walileta kutoka Goma kreti za kinywaji cha tangawizi kilichoandikwa bia. Walisema hakina pombe, na ni kweli hakikuwa nayo. Rosalie alisimama katikati ya uwanja, mikono nyuma, akauliza bila kupandisha sauti: "Kama haiko bia, kwa nini inakubali kuitwa bia?" Kreti zilirudishwa garini, na arusi ikanywa salsa.

Kila salsa ilipoiva, Rosalie ndiye aliyeionja kwanza. Aliishika ulimini, akafumba macho, akameza. Kisha alisema moja kati ya mambo mawili. Akisema "Inadanganya," salsa yote ilimwagwa kwenye migomba, hata kama wageni walikuwa wameshakaa kwenye viti. Akisema "Imesema kweli," chupa zilitoka. Katika ndoa yao yote hakulilainisha neno hilo kwa ajili ya kumpendeza mumewe, na Floribert hakuomba alilainishe. Alilitegemea kama fundi ategemeavyo timazi.

Alasiri ile aliikausha haraka mizizi ya Walikale juu ya meko, akaitwanga, akaichemsha, akaifunga chupani. Zilipatikana chupa mbili tu. Alipokuwa akizifukia mchangani, simu ya Manzi ililia. Alikuwa mwuguzi wa Kirotshe: Mama Rosalie hakutaka tena hata maji, na kila mlango ulipofunguliwa aliuliza kama Papa Brigitte amekuja na salsa.

Floribert alisimama, mchanga ukimwagika kutoka magotini. Aliutazama mchanga mahali alipozifukia chupa. Hakuna mtu awezaye kuiharakisha salsa. Ukiipasha moto, inakufa. Akaenda kivulini, akayachukua makopo ya Brigitte, akayafunga katika kitambaa pamoja na chupa moja tupu ya salsa na kizibo chake.

"Hiyo chupa ni ya nini?" aliuliza Manzi.

"Ya kumiminia. Mama hajazoea kunywa kwa chuma."

"Na jina? Utamuambia nini juu ya jina?"

"Nitamuambia ukweli. Ni mutoto wake ametuma."

Na hivyo ndivyo alivyokusudia. Waliposhuka kutoka kwenye malisho ya ng'ombe, wakapita chini ya vilima vya Rubaya vilivyochimbwa hata vikawa vyekundu kama nyama, Floribert alikuwa akiyapanga maneno yake nyuma ya mgongo wa Manzi. Aliyapanga vizuri. Mama Brigitte, mutoto amekutumia kitu. Jina yake ni mbaya, lakini yeye iko safi. Alifika Kirotshe akiwa na sentensi hizo mdomoni, akasimama kwenye mlango wa wodi, na hapo akasikia sauti ya mkewe.

Jirani yake wa kitanda cha pembeni, Mama Nyiramana, mwanamke mnene mwenye mguu uliofungwa plasta, alikuwa amemnyooshea kikombe cha kasiksi, pombe ya ndizi ambayo ndugu zake walikuwa wamemletea.

"Nusu ya kijiko tu, dada," alikuwa akibembeleza. "Ni ya kufungua tumbo. Mungu hawezi kukasirika na kijiko."

"Mama Nyiramana," alijibu Rosalie polepole, maneno yake yakitoka moja moja, "shamba nimeacha. Nyumba nimeacha. Mutoto wangu iko mbali. Nimebakia na kitu moja ya kumupelekea Mungu, ni ile kiapo. Sasa unataka niimwage hapa kwa mulango?"

Floribert alirudi nyuma hatua moja, kisha nyingine. Sentensi alizozipanga njiani zilikuwa zimemwacha.

Alikwenda uani, penye bomba ambapo jamaa za wagonjwa hufua nguo. Alifungua makopo, akayamimina katika chupa ya salsa. Rangi ilimshtua: ilikuwa ileile, nyeusi yenye wekundu kwa ndani, kama maji ya kijito kilichopita kwenye majani yaliyooza. Povu lilikuwa tofauti. Povu la salsa ni jepesi na hufa upesi. Hili lilipanda nene, likakaa, kama maziwa yaliyokamuliwa sasa hivi. Alingoja litulie. Kisha akakaza kizibo na kukifunga kwa uzi, fundo lake mwenyewe, fundo ambalo Rosalie angelijua hata gizani. Kopo moja lililobaki alilificha katika koti.

Manzi, aliyekuwa akiosha matope ya pikipiki, aliyaona yote. Kwa mara ya kwanza siku ile hakuwa na mzaha. "Papa," alisema tu.

"Nyamaza," alisema Floribert.

Rosalie alipoiona chupa, uso wake ulifunguka. Aliomba ainuliwe. Alikuwa mwepesi mno. Floribert aliuhisi uti wa mgongo wake kwenye kiganja kama shanga.

"Mizizi imetoka Walikale?" aliuliza.

"Imetoka."

"Na hii njo yako?"

Floribert alilegeza uzi. Kizibo kilitoka kwa mlio hafifu. "Njo yangu," alisema.

Alimimina kidogo katika kikombe, akamshikia. Rosalie aliishika ulimini, akafumba macho. Hata Mama Nyiramana alikuwa ameacha kutafuna. Floribert alikuwa amelingoja neno lile mara nyingi maishani, lakini hakuwahi kulingoja akiwa na hofu ya kulisikia.

Rosalie alimeza. Alifungua macho, akamtazama mumewe kwa muda mrefu. Akaitazama mikono yake, iliyokuwa imepasuka kwa jembe na kuchubuliwa na mizizi.

"Ni muzuri," alisema.

Hilo halikuwa mojawapo ya maneno yake mawili.

"Iko na harufu kidogo ya dawa ya kupaka kwa kifua," aliongeza, "lakini ni muzuri. Usisikitike, Papa Brigitte. Unipatie tena."

Alikunywa tena kidogo, kama mtoto anayemaliza chakula kwa heshima ya mgeni. Kisha akalala chali, akauliza akitazama dari: "Brigitte ametuma habari?"

"Anakusalimia sana."

"Hakutuma kitu? Hata kitambaa ya kichwa?"

Chupa ilikuwa bado mkononi mwa Floribert. Kama angesema ndiyo, angeulizwa ni kitu gani, na kila kitu kingefunguka pamoja: jina, kiapo, uongo. Aliona jinsi jambo moja lilivyofungwa kwenye jingine, kwa fundo lake mwenyewe.

"Bado," alisema.

Rosalie alikubali kwa kichwa, taratibu. "Amerika ni mbali," alisema. "Asijisumbue." Akageuza uso upande wa dirisha, ambako ziwa lilikuwa likipoteza rangi yake.

Floribert alirudi mlimani kwa sababu salsa ya kweli haikuwa na mtu mwingine wa kuisikiliza. Alikaa nyuma ya nyumba, karibu na mchanga, na kwa siku zile hakushika jembe. Alifukua, akasikiliza, akafukia. Chupa zilikuwa kimya. Kisha zikaanza kuguna, kama mtu anayetaka kuongea na hajapata la kusema.

Asubuhi moja alilitoa kopo lililobaki, akalifungua, akaketi nalo kizingitini. Alikuwa Ndugu wa Kiasi yeye pia. Alifanya ishara ya msalaba, akanywa.

Ilikuwa tamu tangu mwanzo hadi mwisho, utamu usioomba ruhusa. Salsa haiingii hivyo. Salsa hutangulia kwa uchungu, uchungu wa gome na wa udongo ulionyeshewa, na asiye na subira huitema; anayeishika ulimini ndiye anayepewa ule utamu wa nyuma, mwembamba, unaokaa kooni kama kumbukumbu ya kitu kilichosemwa kwa wema. Hii ya Amerika ilikuwa imemaliza yote kwa dakika moja, ikaacha puani harufu ya mgonjwa aliyepakwa dawa. Hata hivyo, chini kabisa, baada ya utamu na baada ya dawa, alikuta kitu. Kilikuwa kidogo. Kilikuwa mzizi. Alifumba macho kama binti yake alivyosema anafumba, na katika ule mzizi mdogo akamwona Brigitte katika nchi ya baridi, ameketi mezani peke yake, akitafuta kwa ulimi njia ya kurudi nyumbani.

Ndipo alipoelewa alichokifanya. Rosalie angeweza kuikataa bia ya mizizi. Angesema sitaki jina hilo, lakini angeushika ule ubaridi wa kopo mikononi, angelikagua pande zote, angesema mutoto wangu amenitafuta kwa maduka yote. Hilo lingemtosha bila kunywa. Yeye alikuwa amemnywesha zawadi ya mtoto akamficha mtoto, na kwa jina la salsa akampa kitu kisicho salsa. Mama na binti walikuwa wanywe pamoja. Brigitte, alipopashwa habari na Manzi kwamba Mama amekunywa, alikuwa ametuma sauti nyingine, fupi, yenye kicheko na machozi ndani yake: yeye pia amekunywa. Alikuwa amekunywa peke yake.

Floribert alikwenda kwenye mchanga, akaifukua chupa, akaiweka shavuni. Mnong'ono ulikuwa mwembamba na haukukatika.

Walishuka mara moja. Chupa zote mbili alizibeba kifuani, ndani ya koti, akizikinga kwa mikono miwili ili njia isizitikise. Manzi alipita kwenye makorongo kama mtu aliyebeba mayai. Chini ya Rubaya walisimama kuwapisha wabebaji wa madini ya koltani, mstari wa wanaume walioinama chini ya mifuko midogo mizito. Mbele yao palikuwa na bariere, kamba iliyofungwa kati ya miti miwili, na kijana mwenye bunduki aliyeona uvimbe wa koti.

"Muzee, iko nini hapo? Pombe?"

"Hapana."

"Ni dawa?"

Manzi aligeuka kidogo. Neno dawa lilikuwa rahisi, na wangepita.

"Haiko dawa," alisema Floribert. "Ni salsa. Ninaipelekea bibi yangu, iko karibu kufa."

Kijana aliichukua chupa moja, akaitikisa karibu na sikio, akacheka povu lilipopanda. Akabaki nayo. Kamba ikateremshwa.

"Ungesema dawa," alinong'ona Manzi walipokuwa mbali.

"Twende," alisema Floribert, na mikono yake yote miwili ikaizunguka chupa iliyobaki.

Kitanda cha Rosalie kilikuwa kimesogezwa karibu na dirisha. Alikuwa amelala chali, mdomo wazi kidogo, na pumzi zake zilikuwa zikija kwa kusitasita, kama mtu anayepanda mlima na kusimama kila mara kutazama nyuma. Mwuguzi alimwambia Floribert kwamba hasemi tangu jana, wala haamki. Akamletea kigoda, akawaacha.

"Papa," aliita Mama Nyiramana kutoka kitandani kwake. Alisita, akavuta shuka. "Sijui kama ni vizuri nikuambie."

"Sema, mama."

"Ile siku ukienda, alilia sana. Nikamuuliza, dada, ni maumivu? Akasema hapana. Akasema, ninamulilia bwana yangu. Mikono yake imezeeka, imesahau salsa. Akasema, hakuna kitu ingine alikuwa nayo duniani isipokuwa ile kazi, na mimi nikiondoka, nani atamuambia ukweli? Nikasema, basi ungemuambia wewe. Akasema, nilishindwa. Njo mara ya kwanza ninamuficha."

Floribert aliketi. Kisha akaiweka chupa sakafuni kati ya miguu yake, akainama mpaka mdomo wake ukawa karibu na sikio la mkewe, na akasema kwa sauti ya kawaida, sauti ya mtu anayetoa habari za shambani.

"Mama Brigitte. Ile haikuwa yangu. Ilikuwa ya mutoto. Alikutafutia ndugu ya salsa kwa maduka yote ya kule, akaikosa, njo akakutumia mudogo wake. Jina yake ni bia ya mizizi. Niliogopa jina, nikaificha, na nikakuficha mutoto pamoja na jina. Alikunywa siku ile ile ulikunywa. Mulikunywa pamoja, na sikukuambia. Kiapo hukuivunja wewe. Ni mimi. Na mikono yangu haijasahau."

Pumzi ilikuja, ikasimama, ikaja tena. Hakuna kilichobadilika usoni.

Floribert aliifungua chupa. Fundo lilikuwa limekazwa na unyevu wa mchanga, ikambidi alikate kwa meno. Kizibo kilitoka kwa mlio uliowafanya wagonjwa wageuze vichwa, na harufu ya udongo ulionyeshewa ikaenea kati ya vitanda. Alimimina kidogo katika kikombe cha bati. Povu jepesi lilipanda, likaanza kufa.

Alichovya kidole, akakipitisha kwenye mdomo wa chini wa Rosalie, taratibu, pembe hadi pembe.

Hakuna kitu. Ziwa lilikuwa jeupe nje ya dirisha. Akachovya tena.

Safari hii ncha ya ulimi ilitokeza, ikasita, ikalichukua tone, ikarudi ndani. Kope hazikufunguka. Lakini midomo ilikutana, ikaachana, ikakutana tena, kama ya mtu anayelishika jambo mdomoni kabla ya kulitamka.

Floribert akaondoa kofia yake, akainama, akaliweka sikio lake juu ya kinywa kile, karibu kabisa, kama alivyoliweka maisha yake yote kwenye chupa, akasikiliza.